Nyumba ya Muziki Kando ya Mto Elbe

Mara nyingi ninyi wa Karagwe na Kyerwa mwatuuliza tuliona nini huko Ulaya. Leo twataka kuwasimulia habari ya nyumba moja tu, kwa kuwa nyumba hiyo ilitusaidia kuondoa ugomvi katika usharika wetu.

Kanisa letu mwalijua: kuta ni za saruji, paa ni la mabati, na watu wa viti vya nyuma hawasikii neno. Kabla hatujasafiri wazee walikuwa wamegawanyika. Wengine walitaka michango yote inunue vipaza sauti vikubwa. Wengine walisema fedha hizo ni za kuwasomesha yatima. Hata watu wawili waliokuwa wakikaa benchi moja miaka mingi wakaacha kusalimiana. Sisi walimu tulinyamaza, maana hatukujua la kusema.

Basi tulipokuwa wageni katika mji wa Hamburg, Ujerumani, wenyeji wetu walitupeleka jioni moja kwenye Elbphilharmonie, nyumba ya muziki iliyo ukingoni mwa mto Elbe. Mto huo si kama Kagera yetu ipitayo kati ya mafunjo. Merikebu kubwa huingia humo kutoka baharini. Nyumba imesimama juu ya ghala la zamani la matofali, ambamo kakao, chai na tumbaku viliwekwa hata miaka ya 1990. Jirani yake yako maghala mengine yaliyohifadhi kahawa. Tuliposikia hivyo tulitazamana, tukazikumbuka buni zetu zianikwazo uani. Juu ya ghala hilo wamejenga nyumba ya vioo, paa lake kama mawimbi, na kimo chake chote ni mita 110.

Ukumbi mkubwa una viti 2,100, navyo vimewazunguka wapigaji pande zote, kama watu wazungukavyo ngoma uwanjani. Hakuna akaaye mbali na kiongozi zaidi ya mita 30. Kuta zimefunikwa kwa vibao yapata 10,000 vya jasi, vilivyochongwa mashimo na matuta. Mwenyeji wetu alitueleza sababu yake: ukuta mgumu ulio tambarare huirudisha sauti kama mpira, sauti ya kwanza ikapandwa na ya pili, maneno yakachanganyika, bali ukuta wenye matuta huitawanya. Aliyepanga mambo hayo ni Mjapani, Yasuhisa Toyota. Tena ukumbi wote umewekwa juu ya springi 362, ili kelele za bandari zisiingie.

Jioni ile waliimba Requiem ya Kijerumani ya Brahms, aliyezaliwa katika mji huo huo mwaka 1833, ambaye maneno yake aliyachagua katika Biblia ya Luther. Wimbo huo huanza kwa sauti ya chini mno, na neno lake la kwanza ni la faraja kwa wenye huzuni. Tulikuwa tumekaa juu kabisa, wala hapakuwa na kipaza sauti mbele ya waimbaji, lakini kila neno lilitufikia. Tukamkumbuka mpiga enanga wa kwetu, ambaye husikiwa si kwa nguvu za mkono wake, bali kwa utulivu wa watu waliomzunguka.

Walakini hatutaki kuwasifia jengo na kuwaficha gharama yake. Lilitazamiwa kufunguliwa mwaka 2010, likafunguliwa Januari 2017. Fedha za umma zilikadiriwa kwanza kuwa euro milioni 77, zikafika milioni 789. Watu wa mji wenyewe walinung'unika sana.

Tuliporudi tuliwaeleza wazee yote. Mzee mmoja akauliza, "Je, walimu, mwatuletea deni la Hamburg?" Tukajibu, "La, Mzee; twaleta shauri la mikeka." Maana tulifahamu kwamba vipaza sauti vingeongeza mrudio ule ule wa kuta zetu. Akina mama wakasuka mikeka minene ya mafunjo, nasi tukaipigilia katika ukuta wa nyuma na wa kando. Kwaya tukaitoa pembeni, tukaiweka katikati ya watu. Fedha zilizotoka zilikuwa za misumari tu. Yule aliyetaka vipaza sauti ndiye aliyepanda ngazi, na yule aliyewatetea yatima akamshikia ngazi chini.

Jumapili iliyofuata bibi mmoja wa kiti cha mwisho alitungoja mlangoni. Akasema, "Wanangu, leo nimesikia zaburi, si kelele za zaburi."

Mvua bado hutushinda. Ikipiga mabati, msomaji hufunga kitabu, nasi sote twakaa kimya mpaka ipite.