Vyombo vya Bi Harusi kwa Nyumba Ndogo: Pambo Bila Deni



Baada ya Idi, inshaallah, mdogo wetu anaolewa. Atakwenda kuishi chumba na ukumbi hapa mjini Unguja, na jiko lake ni dogo hata watu wawili hawapishani. Sisi dada zake tukapewa kazi ya vyombo. Swali la kwanza kutoka kwa wakubwa lilikuwa: "Seti ya vipande vingapi?"

Mnajua wenyewe, kwetu vyombo ni heshima ya bi harusi. Siku ya kuvipeleka watu hutazama, na hakuna mama anayependa mwanawe asemwe. Mama yetu alikuwa tayari kuomba apokee upatu mwanzo kabla ya zamu yake, kisha alipe mwaka mzima, ili lipatikane kabati la kioo na seti kubwa ya kulijaza. Tukakaa naye taratibu. "Mama, sahani zote hizo watakula nani, nao ni wawili? Na kabati likiingia ukumbini, mgeni atakaa wapi?" Tukamkumbusha Sura ya Al-A'raf, aya ya 31. Humo Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuchukua mapambo yetu, na humo humo akatukataza israfu. Kumbe kupenda kitu kizuri hakuna ubaya, ubaya ni kupita mpaka. Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, lakini viwe vizuri." Hilo ndilo likawa sharti letu.

Tulizunguka Darajani na Mlandege, na haya ndiyo tunayowausia.

Nunueni sahani moja moja badala ya seti. Tulichagua nyeupe tupu: sita kubwa, sita ndogo na mabakuli sita. Nyeupe ikivunjika unapata mwenziwe duka lolote, hata ukichanganya za maduka mawili meza inaonekana moja. Rangi itoke kwenye kitambaa na kwenye kawa la ukindu. Kabla ya kulipa, iweke sahani juu ya meza uone kama inayumba, kisha igonge kwa ukucha. Nzima hulia, yenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Na zipange ulizochagua uone kama zinakaliana, maana kwenye jiko dogo unachohesabu ni nafasi.

Melamini ni rahisi, nyepesi na haivunjiki upesi, lakini ijueni mipaka yake. Haifai kutiwa kwenye maikrowevu, wala haipendezi kwa chakula cha moto sana chenye ukali, maana joto na ndimu husaidia kemikali zake kuingia chakulani. Kwa hiyo urojo wa moto uwekeni kwenye bakuli la udongo au la kioo, na melamini ibaki kwa matunda, vitafunio na vitu vya baridi.

Tukafika kwenye sahani zenye ukingo wa dhahabu, ambazo maharusi wengi wanazipenda. Hadithi sahihi za Bukhari na Muslim zinakataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Rangi tu si dhahabu, lakini muulizeni muuzaji ni kitu gani, na mkibaki na shaka muulizeni sheikh wenu. Zaidi ya hayo, ukingo wa madini hutoa cheche ndani ya maikrowevu, na ukisuguliwa kila siku hufifia. Sisi tuliuacha.

Wageni je? Sinia moja kubwa linatosha. Watu wanne au watano wakilizunguka, hamhitaji sahani tano, na baraka ya kula pamoja mnaipata. Ongezeni mabakuli machache ya plastiki yenye vifuniko kwa ajili ya kupelekea jirani futari, ili hata yakichelewa kurudi roho isiume.

Mahali pa kuviweka, tuliwaiga wazee. Majumba ya zamani ya Mji Mkongwe na ya Lamu yana vidaka ukutani, na humo walipanga sahani na mabakuli yaliyokuja na majahazi na meli, mengine kutoka China. Sakafu ikabaki wazi, na ukuta ukapambika. Chumba cha kupanga hatuwezi kukitoboa vidaka, lakini rafu mbili za mbao juu ya karo na kulabu za kutundikia vikombe hufanya kazi ileile, kwa bei isiyokaribia ya kabati.

Mwisho, mfereji. Huo msifanyie ubahili. Hewa yetu ya chumvi hula vyuma, na mfereji mwepesi wenye mng'aro wa juu juu huchubuka na kuvuja mapema. Ushike mkononi: wa shaba ni mzito, na sumaku haiushiki. Maji ya visima vyetu yakiacha ukoko mweupe, ufungeni kwa kitambaa chenye siki kwa muda mfupi, kisha usugueni na kuusuuza. Na mfereji unaovuja si hasara ya pesa tu. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kiasi cha chopa la mikono miwili, na akioga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Sisi ndoo nzima inatiririka usiku tumelala!

Kwa mama zetu tunasema kwa adabu: maneno ya watu huisha wiki ile ile ya harusi, lakini deni huamka nanyi kila asubuhi. Na kwenu bi harusi: mkipewa vichache vizuri, vipokeeni kwa furaha, mvitumie kila siku, msivifungie wageni. Mume wako na wewe ndio wageni wa kwanza wa nyumba hiyo.

Allah azijaalie nyumba zenu utulivu, mapenzi na rehema, na riziki ya halali isiyokatika. Amin.