Vichochoro vya Fuwele

Wahenga hawakukosea waliponena samaki mkunje angali mbichi. Mimi methali hii nimeikuta mahali nisipotarajia: katika somo la kemia, kidato cha tatu.

Mwalimu alitufundisha kuhusu polima, yaani molekuli ndefu mno zilizoundwa na molekuli ndogo ndogo zilizoshikana kama mnyororo. Plastiki ni polima. Mwaka 1933, kule Uingereza, Reginald Gibson na Eric Fawcett waliipata polithini kwa kuibana gesi ya etheni kwa nguvu nyingi. Minyororo ya polithini hiyo ina matawi, kwa hivyo haikaribiani sana. Ndiyo plastiki laini ya mifuko. Mwaka 1953 Mjerumani Karl Ziegler akapata njia ya kuunda minyororo minyoofu, ikatoka plastiki ngumu kama ya mtungi wa maji. Gesi ni ile ile, umbo la mnyororo tu ndilo tofauti!

Basi nikamwuliza mwalimu, "Mnyororo hunyooshwaje?" Alinitajia njia kadhaa, lakini iliyonikaa moyoni ni ya fuwele. Kufikia 1960 wataalamu walikuwa wakitumia urea, ile ile ya mbolea. Urea inapoganda pamoja na molekuli fulani nyembamba, hujipanga kuzizunguka, zikawa ndani ya vijia vyembamba ajabu. Humo hukaa safu moja. Zikipigwa mionzi huungana pale pale, na nafasi ya kutoa matawi hazina. Kisha urea huyeyushwa kwa maji, ukabaki mnyororo mnyoofu. Siku hizi ziko fuwele nyingine ambazo vitundu vyake hudumu hata vikiwa vitupu.

Mtu wa Lamu hahitaji darubini kulielewa jambo hili. Hebu tazama punda wetu. Wakiwa uwanjani Mkunguni, mbele ya ngome, kila mmoja hushika njia yake. Wakiingia vichochoroni hufuatana mmoja mmoja, maana pa kugeukia hapana.

Na punda ndio walionitia hamu ya kuandika. Mwaka jana punda wa ami yangu alikufa, akakutwa na donge la plastiki tumboni. Punda yule ndiye aliyebeba mchanga na mawe ya ujenzi. Karo ya binamu zangu ilitoka mgongoni mwake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini plastiki za namna nyingine zingali zimetapakaa, na nyingine huletwa na bahari.

Mafundi wetu hawakulala. Mwaka 2018 Ali Skanda na wenzake walishusha majini, hapa hapa Lamu, jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki kuukuu na ndara 30,000. Mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Heko kwao! Lakini hao wanahangaika na samaki aliyekwisha kukauka. Mimi natamani kuwapo anapokunjwa mbichi, pale mnyororo unapoundwa, ili niulize: kitu hiki kitaishia wapi?

Sisemi kwamba fuwele zitafagia pwani yetu. Nasema zimeonyesha kwamba mwundaji anaweza kuchagua umbo la mnyororo tangu mwanzo. Basi na aufikirie mwisho wake vile vile.

Wanafunzi wenzangu, msiikimbie kemia mkidhani ni somo la watu wa mbali. Taka ziko mlangoni petu, na akili tunazo.