Viatu vya Mwakinyo

Mnamkumbuka Hassan Mwakinyo, mwanandondi wa Tanga? Tarehe 3 Septemba 2022 alitwangwa na Liam Smith mjini Liverpool, raundi ya 4 tu. Akasema viatu vilimbana, kifundo cha mguu kikaumia. Lo! Hapa Garsen, kwa fundi wa viatu pale steji ya magari, tulicheka hadi machozi.

"Kwani viatu ndivyo vilivyopigana?" nilipaza sauti kuliko wote. Jamaa mmoja akatukumbusha kwamba mwaka 2018, huko huko Uingereza, Mwakinyo alimmaliza Sam Eggington raundi ya 2. "Bahati tu hiyo!" nikamkata, nami wakati huo nilikuwa mtoto wa msingi!

Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa akihangaika na soli ya kiatu changu.

"Mjukuu wangu, juzi kwenye mbio za shule ulikuwa wa ngapi?"

"Wa mwisho, babu."

"Ukawaambiaje wenzako?"

Nikanyamaza. Niliwaambia msumari ulinidunga, na hakuna aliyeniamini hata mmoja. Mzee akaung'oa kwa koleo, ungali na damu kavu, akauweka juu ya kibao watu wote wauone.