Kasarani Kabla ya Wageni na Baada Yao

Vijana waliozaliwa Nairobi baada ya mwaka 1990 hawaamini ukiwaambia kwamba Kasarani iliwahi kuwa mbali. Siku hizi ukipanda matatu mjini na barabara ikiwa imefunguka, makanga hajamaliza hata kukusanya nauli umeshafika. Sisi tuliokulia Ruaraka miaka ya themanini tulikuwa tukipataja Kasarani kama watu wanavyotaja mashambani. Upande ule kulikuwa na kahawa, machimbo ya mawe ya kujengea, ng'ombe wa watu, na njia za miguu ambazo kila masika ziligeuka matope. Mtu akikuambia anaelekea huko jioni, ulimuuliza atalala kwa nani.

Kilichopageuza ni Michezo ya Nne ya Afrika, iliyofanyika Nairobi kuanzia tarehe 1 hadi 12 Agosti 1987. Brazzaville ilikuwa imetangulia mwaka 1965, Lagos ikafuata 1973, kisha Algiers 1978. Michezo hiyo ilikusudiwa kufanyika kila baada ya miaka minne, lakini kutoka Algiers hadi kwetu ilipita miaka tisa. Kwa hiyo maandalizi yalikuwa marefu kiasi kwamba watoto wa rika langu tulikua nayo. Tulianza kuyasikia redioni kabla hatujajua kusoma, na yalipofika mwisho nilikuwa darasa la sita.

Jiji lilikuwa limeshazoea wageni. Mwaka 1985 peke yake lilipokea mkutano wa dunia wa wanawake mwezi Julai, na Papa Yohane Paulo wa Pili mwezi Agosti. Lakini wajumbe wa mkutano hukaa ndani ya ukumbi, na jumba la mikutano la KICC lilikuwepo tayari. Wanamichezo wanahitaji bwawa la kuogelea, ukumbi wa ndani, njia ya kukimbilia na majukwaa ya kukalisha maelfu ya watu. Uwanja wa Nyayo, uliofunguliwa mwaka 1983, ulibeba watu kama 30,000 hivi, na City Stadium pale Jogoo Road ulikuwa uwanja wa vilabu vya Gor Mahia na AFC, si wa bara zima. Serikali ikakubaliana na China kujenga kituo kipya kabisa, chenye uwanja mkuu wa watu 60,000, nje ya mji, huko Kasarani, mahali penye nafasi.

Nasi tukapata Mjomba. Alitoka nyumbani kuja kutafuta kazi, akaandikwa kibarua, na baada ya muda akawa fundi wa kufunga vyuma. Alikuwa analala kwetu kwenye kochi. Jioni alirudi vidole vimechanwachanwa na waya, akaviloweka kwenye maji ya chumvi huku akitusimulia mambo ya saiti. Wasimamizi wake walikuwa Wachina, na Kiingereza chao na chake vilikuwa vinalingana kwa uchache, kwa hiyo kazi iliendeshwa kwa mikono. Siku ya kwanza msimamizi alimwinulia kidole gumba na cha shahada, Mjomba akaleta nondo mbili. Kumbe kwa hesabu yao ile ni nane. Baadaye alizijua zote: gumba na kidole cha mwisho ni sita, vidole viwili vya shahada vikipishana ni kumi. Akatufundisha, nasi tukazipeleka kwenye mchezo wa bano, hata watoto wa mtaa wa pili wakawa hawaelewi tunahesabu nini.

Kitu kingine alichotusimulia ni nyundo. Mbao zikishabanduliwa, alikuja msimamizi mmoja mzee akiwa na nyundo ndogo, akatembea kando ya nguzo akiigonga na kusikiliza. Nguzo ikiitika vizuri, alipita. Ikitoa sauti ya uwazi, alichora duara kwa chokaa, na asubuhi yake sehemu ile ilichongwa ikamwagwa zege upya. Mafundi walinung'unika, maana walijua nguzo hiyo ingepakwa rangi na hakuna mgeni ambaye angeona kasoro yake. Mjomba alinung'unika pamoja nao. Lakini aliporudi nyumbani alianza kugonga kuta za nyumba tuliyopanga, akitikisa kichwa.

Huo ulikuwa upande mmoja wa maandalizi. Upande wa pili ulifanyika kando ya barabara.

Kuanzia muhula wa pili wa mwaka 1987, shule yetu ilitolewa mara kwa mara kwenda kufyeka nyasi na kuokota takataka kando ya Thika Road. Tulipanga mawe kwenye kingo, kisha tukayapaka chokaa, na vigogo vya miti navyo tukavipaka hadi usawa wa kifua. Tukimaliza tulipewa maziwa ya Nyayo, na kwa mtoto hiyo ilikuwa siku njema kuliko ya hesabu. Tulifundishwa pia kupunga bendera na kuimba, kwa sababu msafara wa Rais Moi ungepita pale, na msafara haukupita mahali bila watoto kupangwa mstari. Nyumba zilizotazama barabara zilipakwa rangi upande wa mbele. Upande wa nyuma zilibaki zilivyokuwa.

Mama alikuwa na kibanda cha mboga mahali wafanyakazi wa zamu waliposhukia. Aliuza sukuma wiki, nyanya, vitunguu, na siku za mwisho wa mwezi maembe. Mwezi Julai walikuja watu na lori, wakasema wageni wanakuja, vibanda vitoke. Hawakupiga mtu. Walisimama tu wakangoja, na wenye vibanda wakabomoa wenyewe ili waokoe mabati yao. Mama aliyabeba mabati kichwani mpaka nyumbani akayaegemeza ukutani nyuma ya choo. Kwa wiki kadhaa aliuza mlangoni kwetu, ambako hakuna mpita njia aliyefika, na mboga zikawa zinanyauka tunazila wenyewe. Jirani alijaribu kumfariji kwa methali, akamwambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mama akamjibu, "Basi mwenyeji anayesemwa si mimi."

Agosti ikaingia na baridi yake. Asubuhi za mwezi huo Nairobi hufunikwa na wingu zito, na waliotoka nchi za joto walionekana mjini wamejifunga taulo shingoni juu ya suti za michezo. Nchi nyingi za bara zilikuja. Afrika Kusini haikuwepo, kwa kuwa ilikuwa imefungiwa michezo kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na mwalimu wetu alilieleza jambo hilo darasani vizuri kuliko alivyolieleza lolote lililokuwa kwenye silabasi ya 8-4-4.

Mjomba alinipeleka siku moja ya riadha. Tulishuka tukatembea na umati, naye njia nzima alikuwa ananionyesha nguzo. Alijua zake. Aliigonga moja kwa kifundo cha kidole, askari wa mlangoni akamkazia macho. Ndani niliona kwa mara ya kwanza njia ya kukimbilia isiyokuwa ya vumbi wala ya majivu. Ilikuwa nyekundu, imechorwa mistari myeupe iliyonyooka kuliko kitu chochote nilichowahi kuona kimechorwa ardhini. Shuleni tulikimbia pekupeku kwenye uwanja wenye mashimo ya fuko. Kila Mkenya aliyechomoka mbele, jukwaa zima lilisimama, na Mjomba akapiga mguu kwenye sakafu ya zege kana kwamba anataka kuhakikisha inashika.

Tarehe 12 Agosti ilikuwa fainali ya kandanda, timu yetu ya taifa, Harambee Stars, na Misri. Tiketi hatukupata. Tuliisikiliza kwa Sauti ya Kenya nje ya duka, watu wamejaa hadi barabarani, mwenye duka amepandisha redio juu ya gunia la sukari. Misri ilishinda 1 kwa 0. Watu walitawanyika bila maneno, na asubuhi yake, tarehe 13, Thika Road ilikuwa kama nyumba iliyotoka arusi.

Kuanzia hapo nilijifunza kutofautisha sehemu mbili za maandalizi, ingawa wakati ule sikuwa na maneno ya kuyaeleza. Mvua za vuli zilipokuja, chokaa yote ilioshwa kutoka kwenye mawe. Mabati ya Mama yalirudi barabarani Septemba, kwenye mashimo yale yale ya nguzo, na wateja wake wakarudi. Kila kilichofichwa kilijitokeza tena kabla ya mwaka kwisha. Ila kilichogongwa kwa nyundo kilibaki. Mwezi Desemba mwaka huo huo Gor Mahia iliikaribisha Espérance ya Tunisia pale pale, baada ya sare ya 2 kwa 2 huko Tunis. Ikatoka 1 kwa 1, na kwa mabao ya ugenini Gor ikachukua Kombe la Washindi la Afrika. Uwanja uliojengwa kwa ajili ya wageni ukawapa wenyeji furaha ambayo wazee wa K'Ogalo, yaani mashabiki wa Gor, wanaisimulia hadi leo.

Kisha jiji likaanza kuufuata uwanja. Kwanza zilifika nyaya za umeme na mabomba, ambayo yalipelekwa kwa ajili ya michezo lakini hayakung'olewa ilipokwisha. Penye maji na stima wenye ploti hawachelewi. Kahawa iling'olewa, mashamba yakakatwa vipande, nyumba za mabati zikapisha za mawe, na za mawe zikapisha za ghorofa. Roysambu, Zimmerman, Githurai, Mwiki, mitaa ikashikana. Mwaka 2012 Rais Kibaki alifungua Thika Road mpya, kwa lugha ya mjini "Superhighway", nayo ikamaliza kabisa kile kilichokuwa kimebaki cha umbali. Mahali pa kibanda cha Mama sasa ni barabara ya pembeni. Ukisimama leo kwenye daraja la waenda kwa miguu karibu na Roysambu saa kumi na mbili jioni, unaona watu wengi kuliko waliowahi kuingia uwanjani siku ya ufunguzi.

Uwanja wenyewe nao umepewa kazi ambazo Mjomba hakuwahi kuzifikiria akifunga vyuma. Uhuru Kenyatta aliapishwa humo mwaka 2013 na tena Novemba 2017, na William Ruto Septemba 2022. Mwezi Aprili 2014, wakati wa operesheni ya usalama iliyoanzia Eastleigh, watu wengi wa jamii ya Wasomali walikamatwa na kuzuiliwa Kasarani. Jirani mmoja alikuwa na ndugu zake humo, na alikuwa akipeleka chakula langoni bila kujua kama kinawafikia. Kwa miaka mingi nilikuwa nikipita nje ya lango hilo nikikumbuka rangi nyekundu ya njia ya kukimbilia. Tangu mwaka huo nakumbuka na vyombo vya chakula vilivyopangwa chini ya ukuta.

Wageni walikuja tena mwaka 2017, kwenye mashindano ya dunia ya riadha ya vijana chini ya miaka 18. Safari hii nilikwenda na binti yangu. Marekani, Uingereza, Canada na Australia hazikuleta timu kwa kuhofia usalama, lakini siku ya mwisho majukwaa yalijaa pomoni, wengi wao wakiwa wanafunzi waliovaa sare. Nilitazama barabarani tulipokuwa tukienda: hapakuwa na mawe yaliyopakwa chokaa wala watoto waliopangwa mstari. Watoto walikuwa ndani, wanashangilia. Miaka minne baadaye, Agosti 2021, wale wa chini ya miaka 20 walishindana humo humo mbele ya viti vitupu kwa sababu ya korona, na katika uwanja uliofanyiwa gharama zote hizo ulisikika mwangwi wa viatu.

Halafu ikaja CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ya Agosti 2025, tuliyoandaa pamoja na Tanzania na Uganda. Harambee Stars iliifunga Morocco 1 kwa 0 pale Kasarani, na mtaa mzima ulilala umechelewa. Madagascar ilitutoa kwa penalti katika robo fainali, na Morocco ikabeba kombe kwenye uwanja huo huo. Mjomba, ambaye sasa ana mvi na kiuno kibovu, alitazama mechi zote kwangu. Kamera ikionyesha nguzo alikuwa akinyamazisha watu wote, ingawa hakuna aliyekuwa anaongea.

Sasa yanakuja mengine. AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya mwaka 2027 imepewa nchi hizi tatu, na jiwe la msingi la uwanja mpya wa Talanta, upande wa Ngong Road, liliwekwa Machi 2024. Nasikia tena maneno niliyoyasikia utotoni: sura ya jiji, macho ya dunia, heshima ya taifa. Siyapingi. Mimi ni mtoto wa Kasarani ya 1987 na najua uwanja unaweza kuvuta maji, umeme na barabara mahali ambapo vingechelewa miaka ishirini. Ila najua pia kwamba watoto wengi wa Mwiki na Mathare North, wanaoishi mwendo mfupi kutoka kwenye njia ile nyekundu, wanacheza mpira kwenye vichochoro na sehemu za kuegesha magari, kwa sababu wakati jiji lilipokuwa linakimbilia uwanjani hakuna aliyeacha nafasi ya kiwanja cha mtaa.

Ndiyo maana maandalizi ya mashindano nayapima kwa kitakachokuwepo asubuhi ya kesho yake, wageni wakishaondoka. Kwa wanaojenga Talanta nina maswali mawili, na ningependa yajibiwe kabla ya rangi kupakwa. Mama mboga wa Ngong Road atauza wapi mwezi huo wa mechi? Na mtoto wa Kibera ataruhusiwa lini kuingia na mpira wake, siku ambayo hakuna mgeni?