Nyumba ya Matofali Isiyo na Daka

Safari yetu ya Kakamega ilikuwa na sababu moja. Binti yetu aliyeolewa huko Shirere alitwambia kwa simu kuwa nyumba ni nzuri, ila hana pa kukaa. Hatukumfahamu mpaka tulipofika.

Nyumba hiyo aliijenga babu wa mumewe, fundi mwashi aliyefanya kazi kwa Waingereza, akaiga nyumba zao za mashambani. Kuta ni za matofali ya kuchoma, hazikupigwa lipu nje, na wekundu wake hung'ara baada ya mvua. Safu moja matofali yamelazwa ubavu, safu ya juu yake yameelekeza vichwa nje, na hivyo hivyo hadi paani, ili viungo visifuatane ukuta ukapasuka. Ndivyo walivyojenga Waingereza zamani. Kwao, baina ya 1784 na 1850, matofali yalitozwa kodi kwa idadi, na wajanja wakafyatua makubwa zaidi! Katikati ya nyumba ipo dohani, kwani mkulima wa kule adui yake ni baridi, naye zamani alijenga kuuzunguka moto.

Sisi wa pwani adui zetu ni joto na jicho la mpita njia. Wazee wetu wa Lamu, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, walianza na daka. Mgeni huketi hapo, hubisha hodi, na njia ya kuingilia hupinda ili jicho lisifike ndani. Amri ya Suratun Nur, aya ya 27, ya kuomba idhini na kutoa salamu, pale imejengewa mahali pake.

Shirere, mlango hufunguka moja kwa moja sebuleni, na sebule ndiyo njia ya kila chumba. Wajapo wageni wanaume, binti yetu hukimbilia jikoni, kwenye moshi, na mtoto mgongoni, mpaka waondoke.

Tulimweleza mkwe wetu kwa haya, maana si vyepesi kuitia ila nyumba aliyoijenga baba wa mtu. Alinyamaza. Kisha akasema ukuta wa nyuma ndio ubebao paa, na ukitoboa mlango kabla ya kuweka kizingiti madhubuti juu yake, matofali yote yatashuka. Tukadhani amekataa.

Asubuhi tulimkuta na chaki na kamba ya kupimia, amekwisha kuchora mlango nyuma ya chumba cha binti yetu. Mkewe alikuwa kando, akimhimiza auongeze upana.