Mboga za Mchangani, Kuku wa Uani

Kwetu Kavimvira, mtaa wa Uvira huko Kongo, bustani ilianza mvua zilipokwisha. Watu wa milimani walitucheka, maana huko juu mtu hushika jembe Septemba, wingu la kwanza linapojikusanya. Sisi wa kando ya Ziwa Tanganyika tulifuata kalenda ya ziwa. Maji hujaa Aprili na Mei, Juni yanaanza kurudi nyuma, na kufikia Oktoba yameacha ukanda wa mchanga na tope ambao ukichimba kidogo tu unakuta unyevu. Ukanda huo ndio uliokuwa bustani yetu. Mabwana shamba waliuita msimu C, kwa kuwa A ni wa mvua za Septemba na B ni wa Februari. Mama hakujishughulisha na herufi. Alisema tu, "Maji yameshuka, leteni majembe," na siku hiyo hakuna aliyecheza mpira.

Ardhi ile haikuwa na karatasi. Kila mama alijua kipande chake kwa jirani wa kushoto na jirani wa kulia, na kwa kuwa maji yalifuta mipaka kila mwaka, kila mwaka ilibidi kuichora upya kwa vijiti na maneno mengi. Nakumbuka magomvi, lakini sikumbuki mjane wala mpangaji aliyekosa mahali pa kusia mbegu. Aliyechelewa alisogezewa nafasi kwenye tope la mbele, karibu na maji, akawa wa mwisho kupanda na wa kwanza kuondoka.

Tulipanda lengalenga, intore, vitunguu na nyanya. Mbegu za lengalenga ni ndogo kupita kiasi, hivyo Mama alizichanganya na majivu kabla ya kuzitawanya, zisianguke zote mahali pamoja. Baada ya wiki tatu au nne tulikuwa tunachuma. Nyanya zilidai subira, lakini ndizo zilizolipa: wakati wa mvua ugonjwa wa milidiu huunguza majani na kuozesha matunda, ilhali kiangazi hewa ni kavu na nyanya hutoka safi, tena wakati ambao mashamba ya milimani hayana kitu. Wachuuzi walivuka mpaka kutoka Gatumba, Burundi, kuja kuzitafuta.

Kazi ya watoto ilikuwa maji. Asubuhi na jioni tulichota ziwani kwa bidoni na kumwagilia kwa kopo lililotobolewa kwa msumari. Usiku ilikuwa zamu ya wanaume, kwa sababu mdomo wa Ruzizi hauko mbali na viboko hutoka majini gizani kutafuta majani. Kiboko mmoja akipita kwenye matuta huhitaji tena kuhesabu hasara. Tuliwasha moto, tukagonga masufuria, na wao walikuja vilevile.

Kuku walikaa mbali na mambo hayo. Kazi yao ilikuwa huku juu, ndani ya parseli, yaani uani, na kosa kubwa la mtoto lilikuwa kuacha mlango wazi wakati miche ya kitalu iko kwenye kivuli cha mwembe. Kuku mmoja na vifaranga wake humaliza kitalu kabla hujapata jiwe la kumtupia. Mchana walijitafutia mchwa, maganda ya muhogo na vumbi la ndagala lililobaki kwenye mikeka. Usiku walilala jikoni. Mayai hatukuyala, yaliachwa yaatamiwe. Kuku alikuwa benki ya Mama: karo ya shule ikipungua anauzwa tetea, wakwe wakija anachinjwa jogoo. Na jirani asiye na kitu alipewa tetea wa kufuga, vifaranga wakagawanywa nusu kwa nusu.

Benki hiyo ilifilisika karibu kila kiangazi. Upepo ukianza kuvuma, kuku waliinamisha vichwa, wakaharisha kijani, shingo zikapinda, na baada ya siku chache ua mzima ulikuwa kimya. Wazee walisema ni upepo. Ni kideri, virusi vinavyosafiri na kuku wanaouzwa haraka haraka sokoni baada ya mmoja wao kuonekana mgonjwa.

Oktoba 1996 vita viliingia Uvira. Kuku walikuwa wa kwanza kuchukuliwa, maana askari mwenye njaa habebi tuta la nyanya. Sisi tulivuka ziwa, na kama wengi wa Uvira na Fizi tukaishia Nyarugusu, upande wa Kasulu, Tanzania. Huko eneo la kila familia lilikuwa finyu, na ndiko yaya yangu, yaani mkubwa wangu, alikojifunza kupanda mboga ndani ya gunia: udongo na samadi pembeni, mawe katikati ili maji yashuke hadi chini, matundu ubavuni kwa miche. Wakati ule tuliona ni mboga za wakimbizi, kitu cha kuachwa siku ya kurudi.

Tuliporudi, mchanga ulikuwa palepale na bustani ikarudi mara moja, kwa sababu mbegu ni bei ndogo. Kuku walikawia. Watu waliogopa kufuga mnyama anayewika, hivyo nyumba nyingi zilihamia kwenye dende (simbilisi), ambaye anakaa chini ya kitanda, anakula majani na hamwambii mpita njia kwamba yupo.

Kisha ziwa lenyewe likabadilika. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu, ukabomoa maelfu ya nyumba na kuharibu mitambo ya maji ya mji. Mwaka huohuo na uliofuata Tanganyika ilipanda, Juni ikaja na ukanda wetu haukutokea. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga huko Kalemie, na maji yakizidi kuingia kuliko yanayotoka hapo, sisi wa kaskazini tunayaona mlangoni. Mwaka 2024 yalipanda tena hadi wazee wakaanza kutaja mafuriko ya miaka ya 1960. Kavimvira, Kilomoni na Kalundu, nyumba zilisimama ndani ya maji, na pale tulipopanda nyanya mitumbwi ilipita.

Ndipo yaya alipoyatoa magunia. Ameyapanga ukutani, na kuku, ambao Mama aliwafukuza miaka yote, sasa wako katikati ya kazi. Wamo ndani ya banda lililoinuliwa kwa nguzo. Samadi inadondoka chini, inachanganywa na majani makavu na kuachwa ioze wiki kadhaa, kwa sababu ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Majani ya lengalenga yaliyotobolewa na wadudu yanarudi kwa kuku. Kila baada ya miezi mitatu au minne kila kuku anatiwa tone la chanjo jichoni, na kiangazi hakimalizi tena banda. "Mdogo wangu," aliniambia, "mbolea tulikuwa tunaifagia na kuitupa kila asubuhi." Maji anayomwagilia ni yale yaliyokwisha kuosha mboga na vyombo; katika mji wenye kipindupindu kila mwaka, haoni tena sababu ya kuchota ziwani.

Kwa hiyo tumekuwa wakulima wenye ujuzi kuliko mama zetu, na mavuno kwa kila hatua ya ardhi ni makubwa. Lakini ujuzi huu unahitaji ua, na ua una mwenyewe. Mpangaji wa chumba kimoja hana ukuta wa kuegemezea gunia wala mahali pa kusimamisha banda. Yule mjane aliyesogezewa nafasi kwenye tope siku hizi ananunua lengalenga kwa fungu.

Ziwa hupanda na hushuka; baada ya miaka ya 1960 lilirudi nyuma, na watu wakajenga hadi ukingoni. Litarudi nyuma tena, na wenye simenti watakuwa wa kwanza kufika. Ningeomba safari hii mji uwatangulie, ukanda ule uachiwe majembe. Bustani ikizama mama anapoteza mbegu na kazi ya mwezi, na Juni nyingine anaanza upya. Ambaye nyumba yake ilizama bado yuko kwa ndugu, analala sebuleni.