Siku Kaka Yangu Alipopewa Thenkyuu

Ligi ikiisha, kabla hata nyasi za Kirumba hazijapumzika, simu zetu zinaanza kujaa picha za kuaga. Mnazijua. Mchezaji amesimama na jezi, rangi za klabu nyuma yake, na maandishi makubwa ya asante. Mashabiki wameshalipa jina: thenkyuu. "Leo nani kapewa thenkyuu?" ndilo swali la hosteli kuanzia Juni mpaka dirisha linafungwa. Na mimi nilikuwa mmoja wa waulizaji. Nilikuwa nacheka kabisa. Fagio la chuma limepita, mizigo imetolewa, leteni majembe mapya.

Julai 2024 nilikuwa BTP, wiki ya pili. Nimekaa ofisi ya walimu na lundo la madaftari ya kidato cha pili, nikafungua simu kujipumzisha, nikakutana na picha ya kaka yangu. Asante kwa utumishi wako, tunakutakia kila la heri. Watu 41 walikuwa wameipenda. Mmoja aliandika, "Alichelewa kuondoka huyu."

Kaka yangu si jina mnalolijua. Alikuwa beki wa kulia kwenye timu moja ya Championship, mbali na Mwanza, ambayo sitaitaja. Championship ndiyo ngazi iliyo chini ya Ligi Kuu: mashabiki wapo, kamera ni za kubahatisha, na mshahara unaingia ukijisikia. Nilimpigia hapo hapo. Akapokea kwa sauti ya kawaida, nikamuuliza umeona? Akasema, "Nimeona, mwalimu. Wewe fundisha kwanza, tutaongea."

Kumbe alikuwa anajua kwa wiki tatu nzima. Sisi nyumbani ndio tulikuwa hatujui.

Inabidi niwarudishe nyuma kidogo. Tumekulia Kirumba, na mtoto wa Kirumba anakua kati ya vitu viwili: uwanja na Mwaloni. Mama yangu anauza dagaa Mwaloni, na goli likifungwa uwanjani kelele zinafika nyumbani kabla redio haijataja mfungaji. Mama si mtu wa mpira, lakini kuhusu Pamba anaongea. Yeye na wenzake wa rika lake wanakumbuka 1990, TP Lindanda walipokuwa mabingwa wa Tanzania, na wanaongea kana kwamba kombe bado lipo sebuleni kwa mtu. Sisi wadogo tuliikuta Pamba ikiwa hadithi. Ya kwetu ilikuwa Mbao. Mei 27, 2017 Mbao walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba pale Jamhuri, Dodoma. Nilikuwa na miaka 14. Dakika 90 zikaisha bila kwa bila, zikaongezwa 30, tukafungwa kwa penalti mwishoni kabisa. Kaka alitoka nje akaenda kukaa ufukweni peke yake mpaka usiku.

Halafu likaja dirisha. Timu kubwa zikaja kuchuma Mbao kama mtu anayechuma maembe kwa jirani. Pius Buswita, mshambuliaji wetu, akajikuta amesaini Simba na Yanga kwa wakati mmoja, TFF wakamfungia mwaka mzima, na baadaye adhabu ikaondolewa klabu hizo zilipoelewana. Mtaani tulicheka. Tulisema tamaa hiyo. Hakuna aliyeuliza yule kijana alipokuwa anasaini nani alikuwa amekaa pembeni yake, na kama yupo, alikuwa wa upande gani. Miaka mitatu baadaye, 2020, Mbao na Alliance zote mbili zikashuka msimu mmoja, na vijana wengi wa Mwanza waliokuwa na ndoto ya kucheza nyumbani wakaanza kutafuta timu mikoani. Kaka alikuwa miongoni mwao. Shule aliiacha kidato cha pili kwa ajili ya mpira, na kwa kweli hakuna aliyemzuia, maana alikuwa anajua.

Mkataba wenyewe aliusaini Julai 2023, wa miaka miwili. Fedha ya usajili milioni tatu: nusu mkononi, nusu "utamaliziwa." Mshahara laki tatu na nusu kwa mwezi. Siku ile tulikula kuku. Na hapa ndipo ninapoona aibu, kwa hiyo nitaisema haraka: ile milioni moja na nusu ndiyo iliyoniingiza chuo. Bodi ya mikopo ilinipa asilimia ambayo haikutosha, na kaka akatoa laki sita bila mimi kuomba mara mbili. Nikapanda daladala mpaka Malimbe na begi jipya, nikajisajili, nikapiga picha. Kuhusu mkataba nilimuuliza swali moja tu, nao wanalipa lini.

Mama ndiye aliyeuliza swali la maana, ila mwaka mmoja baadaye, wakati maji yameshamwagika. Kaka alirudi nyumbani Jumamosi, nami nikaomba ruhusa shuleni nikaja. Tumekaa watatu. Kaka anaeleza: walimpigia simu, njoo ofisini uchukue nauli. Akafika, akapewa karatasi moja ya Kiingereza na laki nne. Akaambiwa hii ni ya kuonesha umepokea. Akasaini. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ng'wanawane, nakala yako iko wapi?"

Hakuwa nayo. Si ya karatasi ile, wala ya mkataba wa 2023.

Mama hakusema neno tena, aliinuka akaenda kuleta daftari lake. Wanaojua biashara ya Mwaloni wanajua mali kauli: unachukua mzigo leo kwa neno lako, unalipa ukishauza. Mama amefanya kazi hiyo miaka mingi, na daftari lake lina tarehe, idadi ya magunia, bei, kilicholipwa, kilichobaki. Aliyempa mzigo naye anaandika kwenye daftari la kwake. Wiki ikiisha wanakaa, wanalinganisha. Mama aliishia darasa la saba. Alilifungua lile daftari mezani mbele ya kaka, akaliacha wazi hivyo hivyo, akaenda jikoni. Sijawahi kuona mtu akichapwa kwa utulivu namna ile.

Kaka alikuwa ameipiga picha ile karatasi ya laki nne kwa simu, picha yenyewe imekaa upande. Nilivyoisoma nikahisi tumbo limekaza. Haikuwa stakabadhi. Ilikuwa makubaliano ya pande mbili ya kuvunja mkataba, na mstari wa mwisho ulisema mchezaji hana dai lingine lolote kwa klabu. Wakati anasaini, walikuwa wanadaiwa mishahara ya miezi minne, yaani milioni moja na laki nne. Ile nusu ya usajili, milioni moja na nusu nyingine. Na mwaka mzima wa mkataba ulikuwa bado. Vyote hivyo vilifutwa kwa laki nne na saini ambayo kaka anaipamba kwa mkia mrefu, alijifunza kuandika hivyo akidhani siku moja atawasainia watoto jezi.

Nikampelekea rafiki yangu anayesoma sheria. Akaisoma mara mbili, akasema, "Dada, hapa kupona ni kugumu. Kwa nini hakuandika barua kabla?"

Barua gani? Ndipo akanieleza, nami nikaenda kusoma mwenyewe usiku kucha. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema klabu isipomlipa mchezaji mishahara ya angalau miezi miwili, mchezaji anaweza kuiandikia barua ya kudai, akaipa siku 15, na zikipita bila kulipwa ana sababu halali ya kuuvunja mkataba. Kwa hiyo angeondoka yeye, na deni lake lingebaki hai. Kaka alikuwa na miezi minne, mara mbili ya kinachotakiwa. Alichokosa ni barua.

Na mimi, wiki ile ile, kwenye darasa la kidato cha pili, mada yangu ilikuwa uandishi wa barua rasmi. Anwani mbili, tarehe, kumbukumbu namba, YAH, kiini, hitimisho, saini. Nilikuwa nimewapa mfano wa barua ya kumwomba mkuu wa shule ruhusa ya kwenda ziara ya Saanane. Ziara yenyewe haikuwepo.

Jumatatu nikabadilisha mfano. Nikawaambia: wewe ni mchezaji, klabu haijakulipa miezi miwili, mwandikie katibu. Darasa lilichangamka kuliko siku zote. Mwalimu mlezi wangu alikuwa amekaa nyuma, baada ya kipindi akaniuliza taratibu kama hii ipo kwenye muhtasari. Nikamwambia barua rasmi ipo, mheshimiwa. Akatabasamu, akatia saini andalio langu.

Lakini kuna kijana mmoja, anakaa dirishani, anacheza ndondo kila wikiendi kwa elfu tano na soda. Aliandika barua safi, nikampa alama nzuri. Halafu akanyoosha mkono: "Mwalimu, sasa ukiwaandikia hii, Jumamosi si wanakuweka benchi?"

Darasa likacheka. Mimi sikuwa na jibu, nikasema tutaliangalia kipindi kijacho. Kipindi kijacho nilifundisha simu ya maandishi.

Nimeendelea kulifikiria lile swali, maana ndilo lililomfunga kaka. Baadaye aliniambia ukweli: hata angejua Kiingereza chote, angesaini. Wachezaji wa ngazi yake wanajuana. Anayedai anaitwa msumbufu, na neno hilo linatembea kutoka kocha hadi kocha haraka kuliko sifa ya krosi nzuri. Hosteli tulibishana sana Feisal Salum alipoweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga Desemba 2022 ili auvunje mkataba wake. Kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, akakaa nje miezi, na mpaka Rais Samia alipowaomba viongozi wa klabu wayamalize ndipo akaenda Azam Juni 2023. Kila mtu alikuwa na upande. Mimi nilikuwa upande wa mkataba uheshimiwe, na bado naamini hivyo. Ila sasa naona kwamba Fei alikuwa na milioni 112, wakili na nchi nzima inayomtazama. Beki wa kulia wa Championship ana nauli ya basi. Mkataba unaoheshimiwa pale tu mchezaji anapotaka kuondoka, halafu ukageuka karatasi ya kufungia maandazi klabu inapotaka kumwondoa, sijui tuuite nini.

Mwaka huo huo, Pamba ilikuwa imerudi Ligi Kuu baada ya zaidi ya miaka 20, sasa ikiitwa Pamba Jiji. Mji mzima ulikuwa na furaha, na mimi pia, jezi nilinunua. Lakini timu ikipanda daraja hesabu mpya inaanza, na mara nyingi waliotoa jasho la kupanda ndio wanaotazamwa kwanza kama wanatosha. Silaumu. Kocha lazima achague, na kuna wachezaji kweli hawatoshi. Hata kaka, nikiwa mkweli kama mtu aliyemwangalia tangu Furahisha, msimu ule alikuwa amepungua kasi. Kumwacha ilikuwa haki yao. Nilichotaka ni waseme hivyo mezani, wamlipe chake, ndiyo watume picha.

Msimu uliopita hakuwa na timu. Alibeba magunia Mwaloni, akacheza ndondo, akamsaidia mama kuanika. Siku moja nilimkuta anasoma kwenye simu yangu zile kanuni, kidole kwenye kila mstari, ananiuliza maana ya maneno. Tukatafsiri pamoja kurasa nne hivi, tukachoka.

Julai hii akapigiwa simu na timu nyingine, Championship tena. Mwaka mmoja. Alinitumia picha za mkataba kurasa tano, zimepigwa vizuri safari hii, hazijakaa upande. Tuliusoma sote watatu, mimi natafsiri, mama anauliza. "Akivunjika mguu wameandika nini?" Hakikuandikwa kitu. "Tarehe ya mshahara?" Ipo. "Nakala?"

Kaka akawapigia pale pale, akaweka spika. Akasema nimeridhika, naomba tu kipengele cha matibabu kiongezwe, na siku ya kusaini niondoke na nakala yangu. Sauti ya upande wa pili ikanyamaza kidogo. Ikasema nakala utapewa baadaye, wewe njoo usaini, wenzako wameshasaini. Kaka akamwangalia mama. Akasema, "Kiongozi, basi na mimi nitakuja hiyo baadaye."

Ni siku ya sita leo naandika. Dirisha bado liko wazi. Asubuhi anakimbia Furahisha, mchana yuko Mwaloni, na simu ameiweka sauti ya juu kabisa. Jana iliita tukiwa tunakula, wote tukaacha matonge hewani. Alikuwa mteja wa mama, anaulizia dagaa.